Hulka ya Mtu na Dansi ya Wawili: Ushahidi wa Msamiati wa Kiswahili

Imeenea sana dhana kwamba dansi ni uwanja wa watu wachangamfu. Mtu mcheshi, asiyeona haya, apendaye kutazamwa, hudhaniwa kuwa amezaliwa na miguu ya kuchezea. Na mkimya huonekana kuwa mahali pake ni kitini, karibu na ukuta, akiwashikia wenzake mikoba. Dhana hiyo ina ndugu yake: kwamba katika dansi ya wawili mwanamume huongoza kwa kuwa hulka yake ni kuongoza, na mwanamke hufuata kwa kuwa hulka yake ni kufuata. Zote mbili zinadai jambo moja, yaani aina ya mtu ndiyo inayompa nafasi yake ukumbini.

Mhadhara huu unazipima dhana hizo kwa mizani ambayo wanasaikolojia hawaitumii mara nyingi, nayo ni msamiati wa Kiswahili wa tabia na wa uchezaji. Dai lake ni kwamba sifa inayoiweka hai dansi ya wawili ni usikivu, wala si uchangamfu. Na kwamba usikivu, kama umbo la neno lenyewe linavyoshuhudia, ni kitendo kabla ya kuwa hulka. Kwa hiyo hauwezi kugawiwa kwa jinsia wala kwa aina ya mtu.

Aina za watu na kamusi

Kuwagawa watu kwa aina ni elimu ya kale. Waganga wa Kiyunani waliwapambanua kwa vimiminiko vinne vya mwili, na mgawanyo huo ukaingia katika tiba ya Waarabu na kufika nayo pwani ya Afrika Mashariki. Karne ya 20 ilileta mgawanyo mwingine. Mwaka 1921 Carl Gustav Jung alichapisha kitabu chake juu ya aina za nafsi, akatofautisha watu ambao nguvu za nafsi zao huelekea nje, kwa watu na mambo, na wale ambao nguvu hizo huelekea ndani. Nchini Marekani Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers waliichukua nadharia hiyo wakaunda hojaji inayomweka kila mtu katika aina 1 kati ya 16. Hojaji hiyo imekuwa biashara kubwa, na hutumiwa maofisini na vyuoni hadi leo, lakini wataalamu wengi wanaitilia shaka. Watu wengi wanaoijaza mara ya pili baada ya wiki chache hujikuta wamo katika aina nyingine. Isitoshe, uchangamfu haugawanyiki mafungu mawili kama usiku na mchana. Watu walio wengi wamo katikati, kama ilivyo kwa urefu wa kimo.

Njia iliyopata nguvu zaidi ilianzia mahali ambapo mwanafunzi wa lugha hana budi kupatazama kwa makini, nako ni katika kamusi. Mwaka 1884 Mwingereza Francis Galton aliipekua kamusi ya visawe ya Roget, akakadiria kwamba Kiingereza kina maneno yasiyopungua 1,000 ya kueleza tabia. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipitia kamusi kubwa ya Webster wakaorodhesha maneno 17,953. Orodha hiyo ilichujwa na wengine kwa miongo kadhaa, na mwisho wake zikapatikana zile ziitwazo Sifa Kuu Tano: uchangamfu, wema kwa wenzi, uangalifu, wasiwasi wa moyo na uwazi wa fikra. Msingi wa kazi yote hiyo ni dhana ya kiisimu: kwamba tofauti za watu zilizo na uzito katika maisha, lugha huwa imekwisha kuzipa majina.

Kama ndivyo, swali ni lugha ipi. Yamkini kamusi ya Webster inajua mengi kuhusu wasemaji wa Kiingereza, lakini haikuulizwa chochote kuhusu Mmasai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 juu ya maneno ya tabia katika lugha ya Maa, inayosemwa Kenya na Tanzania, na katika Kisenufo cha Afrika ya Magharibi, ulikuta kwamba Sifa Kuu Tano hazijitokezi huko kwa namna zinavyojitokeza katika Kiingereza. Maa ni jirani wa Kiswahili, na jambo hilo latosha kumfanya msomi wa Kiswahili aanze na maneno ya lugha yake kabla ya kuazima hojaji.

Kuhusu dansi yenyewe, utafiti unaotajwa sana ni ule wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Ufini, uliochapishwa mwaka 2010. Kutoka katika kundi la watu zaidi ya 900 walichaguliwa 60 waliopata alama za juu sana au za chini sana katika Sifa Kuu Tano, wakapigiwa muziki wa aina mbalimbali, na miondoko yao ikapimwa kwa kamera maalumu. Watu wachangamfu walijongea zaidi. Wenye wasiwasi wa moyo walikuwa na mikatomikato katika mikono na miguu. Matokeo hayo yanapendeza, lakini yanahusu mtu aliyecheza peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa chuo hichohicho waliwachezesha watu na wenzi mbalimbali ili kutenganisha kilicho cha mchezaji mwenyewe na kinacholetwa na mwenzi aliye mbele yake. Swali hilo ndilo hasa. Hata hivyo wachezaji hao nao walikuwa huru, hawakushikana. Na mtu aliyewahi kucheza rumba anajua kwamba kushikana hubadilisha kila kitu.

Chapa, mali na tendo

Kiswahili kina njia tatu za kumtaja mtu kwa tabia yake, na kila njia imebeba mtazamo wake juu ya mtu ni nini.

Njia ya kwanza ni ya nomino zenye asili ya Kiarabu: tabia, hulka, silika. Tabia inatokana na mzizi wenye maana ya kupiga chapa au muhuri. Hulka ina udugu na neno la kuumba. Katika maneno haya mtu amekwisha kufanywa. Amepigwa muhuri na wino umekauka. Methali isemayo kwamba tabia ni ngozi imesimama juu ya msingi huohuo. (Haiba imechukuliwa na baadhi ya waandishi wa saikolojia kutaja jumla ya sifa za mtu. Uteuzi huo una hasara, maana katika masikio ya wasemaji wengi haiba ni mvuto, na msomaji atadhani kuwa mtu asiyevutia hana nafsi ya kuchunguzwa. Hulka inafaa zaidi.)

Njia ya pili hutumia -enye: mwenye haya, mwenye pupa, mwenye papara, mwenye makuu. Hapa tabia ni kitu ambacho mtu anacho, kama alivyo na shamba au deni. Kitu chaweza kuongezeka, kupungua, hata kumtoka.

Njia ya tatu ndiyo yenye utajiri zaidi, nayo ni ya vivumishi vinavyonyambuliwa kutokana na vitenzi kwa viambishi -vu na -fu. Kutulia hutoa mtulivu, kuvumilia, mvumilivu, kunyamaa, mnyamavu, kuangalia, mwangalifu, kuchangamka, mchangamfu, kusikia, msikivu. Kwa njia hii mtu huitwa kwa jina la kile anachokifanya mara kwa mara. Mtulivu ni yule aliyetulia na akaendelea kutulia mpaka watu wakamwita hivyo.

Tofauti hizi si za wanasarufi peke yao. Msemaji yeyote hukubali kusema kwamba Juma leo amekuwa msikivu, au kwamba leo Juma ana papara. Lakini akiambiwa kwamba Juma leo amekuwa na hulka ya usikivu, atashangaa, kwa sababu hulka haifungamani na leo wala jana. Kwa hiyo lugha yenyewe imekwisha kukataa kuyachanganya mambo ambayo hojaji huyachanganya. Hojaji humwuliza mtu anavyofanya, kisha humjibu kwa kumwambia alivyoumbwa. Inaingia kwa mlango wa tendo na kutoka kwa mlango wa chapa.

Yafaa kulitazama kwa karibu neno msikivu, maana ndilo litakaloingia ukumbini. Kusikia katika Kiswahili hakuishii masikioni. Mtu husikia sauti, lakini pia husikia baridi, husikia harufu, husikia njaa, husikia maumivu ya mgongo. Mtoto asiyesikia si kiziwi; ni yule asiyetii. Kitenzi kimoja kimekusanya hisi ya mwili, ufahamu na utii. Hivyo msikivu ni mtu ambaye mwili wake hupokea, akili yake huelewa na mwendo wake hujibu. Ni vigumu kupata maelezo mafupi na sahihi zaidi ya mwenzi mwema wa dansi, na hakuna hata mmoja aliyelitunga neno hilo kwa ajili ya dansi.

Ujio wa mikono

Ngoma nyingi za Afrika Mashariki huchezwa kwa mistari au kwa duara. Wanaume na wanawake huelekeana, hukaribiana, hukwepana, lakini hawashikani kiunoni wakajitenga wawili wawili na kundi. Hata beni, iliyozuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890 na kuenea hadi bara, na ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975, ilikuwa ya gwaride, vyeo na mashindano ya vikundi. Mkimya aliweza kujificha ndani ya mstari. Mchangamfu alijitokeza mbele akatunzwa, kama methali inavyoahidi kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kundi lilikuwa na nafasi ya wote wawili.

Dansi ilipoingia mijini na kushamiri katika miaka ya 1930, pamoja na vilabu na bendi zake, ilileta foksitroti, walsi na tango, baadaye rumba. Santuri za Kikyuba za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, zilichangia sana kuieneza rumba katika Afrika. Jambo geni kabisa halikuwa gitaa wala tarumbeta. Lilikuwa mikono. Watu wawili, aghalabu mwanamume na mwanamke, walitakiwa kushikana hadharani kwa muda wote wa wimbo, na santuri ya zama hizo ilichukua kama dakika 3 kila upande. Katika dakika hizo hapakuwa na mstari wa kujificha.

Hapo ndipo haya ilipokuwa suala. Mtazamaji aliyezoea hojaji akimwona msichana wa pwani anayeinamisha macho anapoombwa kucheza, atamwandika katika safu ya watu ambao nafsi zao huelekea ndani. Atakuwa amekosea. Haya kwa Waswahili ni adili. Hufunzwa, hudaiwa, na anayeikosa hulaumiwa kwa kuwa mjuvi. Mtu mchangamfu kupindukia nyumbani kwao anaweza kuwa na haya nyingi mbele ya wakwe. Haya basi ni malezi yanayovaliwa kulingana na mahali, ilhali woga wa watu ni jambo la moyo. Kipimo kinachozihesabu zote mbili kama upungufu wa uchangamfu huwa kimepima adabu ya mtu kikadhani kimepima nafsi yake.

Utamaduni wa pwani wenyewe umebuni njia za kumpa mwenye haya ruhusa ya kucheza. Katika taarabu mwanamke huinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, na njiani hucheza taratibu akitikisa mabega. Noti ndiyo hoja yake. Bila noti angekuwa anajionyesha, akiwa nayo anatimiza wajibu. Dansi ya wawili haikutoa hifadhi ya namna hiyo. Ilitoa nyingine, nayo ni kanuni. Hatua zilijulikana, muda ulijulikana, mahali pa mkono palijulikana. Wapo wakimya wengi ambao hawawezi kuzungumza na mgeni kwa dakika 3 lakini wanaweza kucheza naye kwa muda huo bila shida, kwa sababu dansi imekwisha kuwaamulia cha kufanya.

Kinachotokea baina ya wawili

Ili kuelewa hulka inaingilia wapi, hapana budi kuangalia kazi yenyewe ilivyo. Mwili wa binadamu anayetembea hubeba uzito kwa mguu mmoja, na ni ule mguu mwingine tu, usio na uzito, unaoweza kupiga hatua. Anayeongoza hawezi kumpeleka mwenzake kushoto ikiwa uzito wa mwenzake umo katika mguu wa kushoto. Kwa hiyo kabla ya kutoa ishara yoyote ni lazima ajue uzito wa mwenzi uko wapi, naye hajui kwa macho bali kwa mikono na kifua. Ni lazima asikie. Kisha huanza kujongea kidogo. Mwenzi huupokea mwendo huo, hutafuta mguu ulio huru na kupiga hatua kwa mizani yake mwenyewe. Anayeongoza huisubiri hatua hiyo ikamilike, ndipo naye hukamilisha yake. Mambo haya yote hutimia ndani ya pigo moja la ngoma.

Mtu mwenye papara akiongoza, huondoka kabla uzito wa mwenzake haujahama. Ishara yake ni wazi, nguvu yake haina shaka, lakini haina mahali pa kutua, na mwenzi huburutwa. Watazamaji wasiojua humsifu kuwa ni mchezaji hodari. Mkono wa mwenzake ndio unaojua. Mwenye haya akiongoza, hali hugeuka: aghalabu husikia vizuri sana, kwani amezoea kuwachunguza watu, lakini ishara yake ni hafifu, na mwenzi hubaki akikisia. Kasoro ya kwanza ni ngumu zaidi kuitibu. Mwenye ishara hafifu huhitaji kuongezewa kitu kimoja, yaani uthabiti wa kifua na mkono, na jambo hilo hufundishika. Mwenye papara hatambui kwamba kuna kitu anachokikosa.

Upande wa pili mambo hayako tofauti sana. Anayefuata akiwa na wasiwasi wa moyo, hutangulia: hukisia hatua inayokuja akaipiga kabla haijaombwa, kwa hofu ya kuchelewa. Kinyume na inavyodhaniwa, kosa hilo halitokani na ukaidi bali na kutaka mno kupendeza. Na mtu mpole kupita kiasi, anayejiachia mikononi mwa mwenzake kama nguo iliyoanikwa, hawezi kufuata, kwa sababu hana mizani yake mwenyewe. Ishara hupotea ndani yake kama sauti inavyopotea katika pamba. Kufuata kunamtaka mtu asimame. Ndiyo maana wanawake wengi wenye nia thabiti, ambao ukumbini huhofiwa kuwa hawatafuatika, hufuata vizuri kuliko wale waliosifiwa kwa upole wao.

Katika tango ya Buenos Aires ushahidi wa jambo hili uko wazi. Katika kipindi cha ustawi wake, takriban miaka ya 1940, vijana wa kiume walijifunza katika vikao vya mazoezi vya wanaume peke yao, na kwa desturi mwanafunzi alianza kwa kufuata. Ni baada ya kufuatafuata kwa muda mrefu ndipo aliporuhusiwa kuongoza, na baadaye sana kwenda ukumbini kucheza na mwanamke. Ikiwa kufuata kungekuwa hulka ya kike, utaratibu huo usingewezekana. Walimu wake walijua kwamba anayeongoza bila kuwahi kufuata hana njia ya kujua anachokiomba kwa mwenzake.

Kumbi hizohizo za tango zilijua pia kumlinda mwenye haya. Mwaliko hufanywa kwa macho: mwanamume humtazama mwanamke kwa mbali, naye akikubali hupokea mtazamo huo, mwanamume hutikisa kichwa kidogo, na wote wawili huinuka. Asiyetaka huangalia kwingine. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyekataliwa, hakuna aliyevuka ukumbi mzima akarudi peke yake mbele ya watu. Kisha nyimbo hupigwa kwa mafungu ya 3 au 4, na fungu likiisha kila mmoja hurudi kitini pake. Ni taasisi iliyobuniwa, kwa busara isiyo ndogo, ili tofauti za hulka zisimzuie mtu kucheza. Ukumbi ambao mwaliko wake hupigiwa kelele huchagua wachezaji wake mapema; humaliza kuwachuja wakimya kabla gitaa halijalia, kisha ukasema kwamba wakimya hawajui kucheza.

Cheza, chezesha, chezwa

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kucheza, kwa mchezo, kwa ngoma na kwa dansi. Minyambuliko yake inatoa maelezo ya kisarufi juu ya nani anamfanyia nani nini.

Asha anacheza na Juma. Katika sentensi hii kiunganishi na hakisemi ni nani anayeongoza. Ikigeuzwa kuwa Juma anacheza na Asha, ukweli wake haubadiliki. Juma anamchezesha Asha ni habari nyingine: kiambishi cha kusababisha kimemfanya Juma kuwa chanzo na Asha kuwa anayetendeshwa. Kitenzi hichohicho hutumiwa kwa mwamuzi anayechezesha mpira, ambaye hana timu na haugusi mpira, lakini bila yeye mchezo hauendi. Mfano wa mwamuzi unafaa kuzingatiwa na kila anayeongoza dansi. Kuchezesha si kusukuma. Ni kuhakikisha kwamba wengine wanaweza kucheza.

Halafu kuna kuchezea, ambako ni kutania au kudharau. Umbali kati ya kumchezesha mtu na kumchezea ni irabu na konsonanti chache tu, na wanawake wengi waliokwenda dansini wanaufahamu umbali huo bila kufundishwa na mwanaisimu. Katika unyago kuna matumizi mazito zaidi: mwali huchezwa. Haichezwi ngoma tu. Mwali mwenyewe huchezwa na wakubwa wake, yaani huingizwa katika utu uzima kwa njia ya ngoma. Hapa kuchezwa si kuwa chombo cha wengine. Mwali ndiye kiini cha shughuli nzima, na asipokuwa msikivu shughuli imeharibika. Bendi za Dar es Salaam zilipochukua majina ya ngoma za jadi kwa mitindo yao, kama Msondo na Sikinde, zilivuta kamba inayofika hadi kwenye msamiati huo.

Na mitaani kuna usemi wa kuyarudi magoma, wenye maana ya kucheza. Hapo magoma ndiyo yaliyosema kwanza, na mchezaji anayarudishia jibu. Neno kufuata kwa hali hiyo halimhusu mmoja wa wawili peke yake, maana anayeongoza naye anafuata, anafuata muziki. Uongozi wake ni wa mtu aliyeukaribia zaidi mlango wa sauti akawa anapokeza. Ni kwa sababu hiyo neno mfuasi halifai kumtaja anayefuata katika dansi, kwa kuwa linaashiria mtu aliyekubali imani au chama cha mwingine. Mfuataji, ingawa halina mvuto, lina ukweli zaidi.

Chemko

Nyimbo nyingi za rumba ya Kongo, na za dansi ya Tanzania iliyolelewa nayo, zina sehemu mbili. Ya kwanza huenda polepole: maneno huimbwa, na wawili hushikana. Ya pili ni ya magitaa, ambayo Wakongo huiita sebene na wapenzi wa dansi nchini Tanzania huiita chemko. Mwendo hukolea, mwimbaji huacha hadithi yake na kuanza kuchochea, na wachezaji huachiana mikono. Kila mmoja hucheza mbele ya mwenzake, au humsahau kabisa.

Muundo huu una thamani kubwa kwa mchunguzi wa hulka, maana katika wimbo mmoja unawaweka watu walewale katika hali mbili. Katika chemko matokeo ya Jyväskylä yanaweza kutarajiwa: mchangamfu atatanuka, mwenye wasiwasi atakatakata, mkimya atapunguza. Katika sehemu ya kwanza mchangamfu huyohuyo anaweza kuonekana wa kawaida tu, na mkimya akawa mwenzi anayegombewa. Anayemhukumu mchezaji kwa kutazama chemko peke yake huwa amemwona akiwa mmoja. Hata hivyo hicho ndicho kinachotazamwa zaidi, na tangu video za muziki zilipotawala, sehemu ya kwanza imekuwa ikifupishwa, na katika nyimbo nyingine imeondolewa kabisa. Nafasi ya msikivu imepungua kwa kadiri hiyohiyo, bila mtu yeyote kutangaza kwamba imeondolewa.

Yako maneno mawili ambayo wachezaji huyatumia kuwapimia wenzi wao, na ambayo yanasubiri uchunguzi wa kina: mzito na mwepesi. Mwanamke mnene huweza kuitwa mwepesi, na kijana mwembamba akaitwa mzito, wala msikilizaji hashangai. Uzito unaotajwa si wa mizani ya sokoni. Mzito ni mwenzi ambaye ishara haimfikii, ama kwa sababu amekaza mwili, ama amejilegeza kupita kiasi, ama akili yake iko kwingine. Mwepesi ni aliyesikia. Maneno haya hayamo katika orodha yoyote ya sifa za nafsi, na katika sarufi hayaingii katika chapa, wala mali, wala tendo. Ni vivumishi vya vitu, vilivyohamishwa kutoka kwenye gunia na unyoya. Zaidi ya hayo, hayasemi juu ya mtu alivyo mbele ya wote. Mtu mmoja huwa mzito kwa huyu na mwepesi kwa yule, usiku uleule, katika wimbo uleule ukirudiwa. Anayetaka kuyakusanya itambidi aende nayo ukumbini, awaulize wachezaji kila baada ya wimbo, na aandike majina ya wote wawili.